Tyubu za Siku ya Tatu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi, mkaniomba niandike mambo mawili matatu ya kazini ili vijana wa idara wayasome. Blanketi ninalitumia. Saa nayo nimeitundika na inakwenda vizuri, ingawa sijui mstaafu anaangalia saa ili asichelewe wapi. Mambo mawili matatu ndiyo haya. Vyeo nimeviruka, na wakubwa wengi nimewaruka, maana ng'ombe hajui cheo cha mtu. Kama mlitegemea vichekesho, vimo kidogo hapa mwanzoni. Huko mbele hamna.

Niliingia kazini vita vikuu vya pili vikielekea ukingoni. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, jambo ambalo siku hizo lilimtosha mtu kutembea kifua mbele. Siku ya kwanza nilifika ofisi ya mifugo Shinyanga na kaptula ya kaki niliyoipiga pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Nikadhani nitapewa meza. Nikapelekwa nyuma, kwenye zizi, nikakabidhiwa kwa mzee mmoja aliyekuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba bila kugeuka, akaniambia nishike mkia. Nikashika. Yule ng'ombe akanya, na kaptula ikawa historia.

Mzee yule aliitwa Shija. Hakuwa na cheti hata kimoja. Idara ilimchukua kwa sababu kila daktari wa ng'ombe aliyepita Usukumani alijikuta anamuuliza yeye. Alikosa kidole cha shahada mkono wa kushoto, kilichokatwa na kamba ya dume, na alikuwa na tabia ya kumwonyesha mtu kitu kwa kidole ambacho hakipo. Miaka mitano nilifanya kazi chini yake. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, nami nikaanza kumwita Shija baba bila kuagizwa na mtu. Yeye akaniita ng'wanawane, yaani mwanangu kwa Kisukuma, na nilipokosea aliniita karani.

Ugonjwa wa kiwele alinifundisha yeye. Ninyi mna maji ya kupimia yanayobadilika rangi. Shija alikuwa na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kilichokolea masizi ndani hadi kikawa cheusi tii. Alikifunga kwenye kitambaa na kukibeba mfukoni kama wengine wanavyobeba tumbaku. Kabla ya kukamua alikamulia pale maziwa ya kwanza ya kila chuchu, akakiinamisha kidogo kuelekea mwanga. Maziwa mazima yalitiririka. Ya mgonjwa yaliacha chengachenga, kama mtindi uliokatika, nazo juu ya weusi ule hata mzee mwenye mtoto wa jicho angeziona. Kisha aliweka mgongo wa mkono kwenye kiwele kusikia joto. Alisema kiganja cha mkulima kimekufa ganzi kwa jembe, hakiaminiki.

Dawa hatukuwa nayo, tuseme ukweli. Tulikuwa na maji ya moto yenye chumvi, kitambaa na subira. Unakanda kiwele, unakamua hadi tone la mwisho, unarudia baada ya muda, kutwa nzima. Mgonjwa unamkamua mwisho, na mikono unanawa kila unapohama ng'ombe. Wengine walipona. Wengi walipoteza chuchu moja au mbili, wachache walikufa. Lakini ugonjwa ulibaki kwa ng'ombe wake. Hilo sikulithamini wakati ule.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa msemo, na naomba mlishike, kwa sababu mkasa wote umelala hapo. Alisema, "Dawa haitibu ng'ombe. Inatibu zizi." Huo ulikuwa msemo wa wazee wa kwao. Mganga wa mifugo akija kwenye kaya, dawa yake haikuwekwa kwa mnyama mmoja. Ilichanganywa, ikanyunyizwa mlangoni, na kundi zima likapita, maana anayebaki nje ndiye anayeurudisha ugonjwa ndani. Na kwenye kazi yetu ya siku zile msemo ulikuwa kweli tupu. Sotoka ilipokuja, mtu akimficha ng'ombe mmoja porini asichanjwe, kijiji kizima kiliangamia kwa ajili yake. Kwenye josho ni hivyo hivyo. Nilimwona Shija akitembea kaya kwa kaya kwa siku tisa akiwapanga watu foleni na ng'ombe wao, huku akiimba matusi mepesi kwa wale waliochelewa, nao wakicheka na kuja. Kidole kimoja hakivunji chawa, aliwaambia, halafu anainua kile kisichokuwepo.

Miaka hiyo mitano ilipokwisha Shija alistaafu akarudi kwao, upande wa Bugarama. Idara ilimwachia ufunguo wa josho la kijiji ili aliangalie. Ufunguo ule aliuvaa shingoni kwa uzi wa katani, kanisani na sokoni, na mkewe alisema huenda atazikwa nao. Mimi nikahamishiwa upande wa Geita, nikapewa baiskeli ya idara na eneo ambalo baiskeli ile haikulipenda hata kidogo.

Miaka miwili mitatu baadaye ikaja penisilini. Vijana, hamwezi kujua ilikuwaje. Tuliitwa Shinyanga wiki nzima kufundishwa. Ilikuwa ndani ya tyubu ndogo za bati laini zenye mdomo mrefu mwembamba. Unakamua kiwele kikauke, unasafisha chuchu, unaingiza mdomo wa tyubu, unaminya. Tyubu nzima kwa kila chuchu mgonjwa, mara moja kwa siku, siku tatu. Bwana Mifugo wetu, Mzungu mpole mwenye kikohozi, alipita mbele ya kila mmoja wetu akainua vidole vitatu karibu na pua zetu. Akasema hata maziwa yakisafika siku ya pili, ya tatu lazima. Tulicheka tulipotoka nje, tukainuliana vidole vitatu wiki nzima.

Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa kwenye mgodi mmoja ambao sitautaja. Walikuwa na ng'ombe wa maziwa wa kizungu, wakubwa kama nyumba, kwa ajili ya hospitali yao. Sita walikuwa wagonjwa. Nikatia dawa siku ya kwanza. Siku ya pili nikatoa kigae, maana na mimi nilikuwa nimejitafutia changu, nikakamulia. Maziwa yakatiririka, meupe, hayana chenga hata moja. Nilichuchumaa pale nikiangalia kile kigae nikataka kulia. Niliwakumbuka ng'ombe wote tuliowakanda kwa maji ya chumvi kutwa kucha hadi mikono ikavimba, na wakafa.

Siku hiyohiyo nilikuwa na barua ya Shija kwenye mkoba. Alikuwa ameandikiwa na katekista wa kwao. Ilisema kwamba kaya tisa za mtaa wake zina ng'ombe wenye viwele vigumu, na kwamba amesikia nina dawa mpya, na kama mtoto hamsaidii baba basi alimlea wa nini. Alikuwa akitania, lakini utani wa Shija ulikuwa na mfupa ndani. Nikatazama kasha la dawa. Tyubu za siku ya tatu zilikuwa bado zimo, kumi na nne. Nikatazama ng'ombe wa mgodi. Walikuwa wamesimama wakicheua, wazima kabisa, wana kila kitu, hata paa la bati juu yao.

Nikaandika kwenye daftari: Siku ya tatu, zimetiwa zote. Nikamtangulizia Shija salamu kwa lori la pamba, nikafunga kasha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli.

Sikuiuza hata tyubu moja. Nalisema hilo kwa sababu najua mnavyofikiri, na kwa sababu kwa miaka mingi nilijitetea nalo mwenyewe kwa mwenyewe. Sikuiba kwa ajili ya tumbo langu. Lakini ng'ombe hajali nia ya mtu.

Nilipofika kwa Shija kesho yake alikuwa amekwisha kupanga foleni. Kama enzi za sotoka. Kaya zote tisa, ng'ombe ishirini na saba wa maziwa, wagonjwa na wazima, maana dawa ni ya zizi. Watu walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Shija alikuja kunipokea, ufunguo shingoni, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikamwonyesha tyubu. Akazihesabu kwa macho, akaangalia foleni, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake:

"Zinatosha, ng'wanawane?"

Hapo ndipo ningesema hapana. Ningemwambia vile vidole vitatu. Alikuwa mtu wa kuelewa, angewarudisha watu nyumbani na kubakiza ng'ombe mmoja au wawili, na tungewatibu vizuri hadi mwisho. Lakini kila mtu alikuwa akinitazama. Mwalimu wangu alikuwa ananiuliza mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, jambo ambalo yeye halijui.

"Zinatosha, baba," nikamwambia.

Tukazigawa. Kidogo kwenye chuchu hii, kidogo kwenye ile, mdomo wa tyubu ukitoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima, naufuta kwa kitambaa kimoja. Shija aliita majina ya ng'ombe na watu wakacheka. Baada ya siku mbili maziwa yakaanza kusafika kweli, nikiwa bado pale nakula kuku wa watu. Niliondoka na jogoo hai amefungwa kwenye usukani, anawika kila tukipita shimo. Nilirudi mara nne katika misimu miwili iliyofuata, kila mara na tyubu za siku ya tatu. Huko mgodini baadhi ya ng'ombe walianza kuugua tena. Nikasema dawa ya kasha hili imechacha.

Sasa naingia pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Binti wa mwisho wa Shija, Kabula, alirudi kwao kujifungua na akafa siku ya tatu baada ya kujifungua. Alimwacha mtoto wa kike. Wakamwita Milembe, jina linalomaanisha amani, na sijui nani alikuwa na moyo wa kulichagua siku hiyo. Jirani mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga alimnyonyesha. Ilipofika miezi mitano yule jirani akashika mimba nyingine, na kwetu mwanamke mjamzito hanyonyeshi mtoto wa mtu, maana inaaminika yale maziwa yanadhuru. Mkewe Shija akaanza kumpa Milembe maziwa ya ng'ombe, akiyachemsha na kuyachanganya na maji kidogo. Mtoto akanenepa. Nilimwona wakati huo. Alikuwa na mashavu.

Ikaja kiangazi, kile kibaya. Mnajua desturi: majani yakiisha, vijana wanaondoka na mifugo kwenda mbuga za mbali, mwendo wa siku nyingi, na kila kaya inabakiza ng'ombe mmoja tu wa kuwatosha wazee na watoto. Shija alibakiza ng'ombe wake aliyemwita Madoa. Wiki ya tatu baada ya mifugo kuondoka nikapata barua nyingine kwa mkono wa katekista. Haikuwa na utani. Ilisema: Maziwa ya Madoa yamekuwa maji na usaha. Mtoto hana kingine. Njoo.

Nilikwenda na kasha zima, dawa halali iliyoandikwa kwa ajili ya safari hiyo. Nilipiga pedali siku nzima. Nilimkuta Shija amekaa chini ya kiwele anakanda kwa maji ya chumvi kama zamani, mikono imevimba. Chuchu zote nne zilikuwa ngumu. Nikafanya kila kitu kwa utaratibu ambao ungemfurahisha Bwana Mifugo. Nilinawa, nikakamua hadi tone la mwisho, nikatia tyubu nzima kila chuchu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Kila asubuhi Shija alitoa kigae chake, akakiinamisha kwenye mwanga, na kila asubuhi chenga zilikuwa palepale. Nikaongeza siku ya nne. Nikaongeza ya tano. Dawa iliyowahi kunifanya nitake kulia kwa furaha ilikuwa kama natia maji ya mtoni.

Nikamwambia mkewe Shija tuombe maziwa kwa majirani, halafu nikachukua kigae nikaenda naye. Kaya ya kwanza ng'ombe aliyebakizwa alikuwa na chenga. Ya pili, chenga na damu. Ya tatu ng'ombe alikuwa amekauka chuchu tatu. Nilizunguka zote. Kuna mama mmoja alinikamulia kwa moyo mkunjufu akasema, "Chukua baba, ndiyo hayohayo tunayokunywa, tunayachemsha tu." Nilikamulia kwenye kigae na sikumwonyesha. Kaya tisa, zile zile za foleni. Nikakaa kwenye gogo nje ya ile ya mwisho, kigae mkononi. Sikuwa najua jina la kitu kile, lakini nilijua kimetoka mikononi mwangu.

Nilijaza maziwa ya Madoa kwenye chupa, nikaipeleka Shinyanga kwa lori la pamba ili Bwana Mifugo aipeleke maabara, nikarudi na makopo ya maziwa ya unga kutoka dukani. Mkewe Shija aliyakoroga kama nilivyosoma kwenye kopo. Maji ya kisima kiangazi kile yalikuwa ya rangi ya chai. Mtoto akaharisha. Tukajaribu uji mwembamba. Akautema. Nilikuwa nimekaa naye mapajani mchana mmoja wakati bibi yake amekwenda kutafuta kuni, akanishika kidole akakitia mdomoni akaanza kunyonya kwa nguvu zote alizobaki nazo. Kidole kilikuwa kinanuka dawa. Sikukitoa. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimezika watoto wangu wawili, lakini ule mnyonyo bado nausikia kwenye kidole, na nikieleza hivyo watu wananiona nimezeeka vibaya.

Milembe alikufa siku ya Alhamisi, kabla ya jua kufika utosini. Shija ndiye aliyemfunga kwenye kitambaa.

Wiki ile ile Bwana Mifugo akaja mwenyewe na gari, majibu ya maabara mkononi. Aliniita pembeni. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba vijidudu vya ng'ombe yule havishtuki na penisilini tena. Alisema dawa ikiingia kidogo au ikikatishwa, wanakufa wale dhaifu tu. Wagumu wanabaki, na wagumu ndio wanaozaa, na watoto wao ni wagumu kama wao. Kisha akaniuliza ng'ombe hawa waliwahi kutibiwa na nani, kwa siku ngapi. Nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Nikasema, "Siku tatu, Bwana."

Akasema basi atawauliza watu. Wakaitwa, kaya zote tisa, wakakaa chini penye ile nafasi tuliyopanga foleni. Bwana Mifugo akasema ng'ombe wote wenye ugonjwa itabidi wachinjwe, wasirudi kuchanganyika na kundi, na anataka kujua dawa ya kwanza iliingiaje pale. Watu wote wakanigeukia. Walikuwa wananitazama mimi, bila ubaya, wakisubiri niseme kwa kuwa mimi ndiye mtu wa serikali. Mimi nikatazama ardhi.

Shija akasimama. Alikuwa bado na kitambaa cha msiba kichwani.

"Kijana alileta dawa ya ng'ombe wangu mmoja," akasema. "Akanieleza ni siku tatu, ng'ombe mmoja. Mimi nikamwambia agawie zizi zima, kwa kuwa ndivyo ninavyojua. Akakataa. Nikamwambia kama anakataa asiniite baba tena. Kosa ni langu."

Watu waliamini. Kwa nini wasiamini? Walimwona yeye akiwapanga, walimsikia yeye akiita majina. Hakuna aliyesikia lile neno moja nililomjibu kwa sauti ya chini siku ya foleni. Mama yule aliyenikamulia kwa moyo mkunjufu alianza kulia kwa sauti ndogo, akamwambia Shija, "Ulituita wewe." Shija akasema ndiyo. Bwana Mifugo akaandika. Mimi nikapata onyo la mdomo kwa kumsikiliza mzee badala ya sheria. Shija akaambiwa arudishe ufunguo wa josho. Ule uzi ulikuwa umekaza fundo miaka yote ile, ikabidi aukate kwa panga.

Jioni kabla ya kuondoka nilimfuata nyuma ya zizi. Nilitaka kusema, sijui nilitaka kusema nini. Nilipiga magoti. Akaniinua kwa kwapa kama mtoto.

"Mimi nimemaliza kazi," akaniambia. "Wewe una miaka ya kutibu mbele yako. Wakikufukuza, huu ujinga uliotufundisha utakuwa umetupotezea mtoto bure." Akafunga mlango wa zizi. "Ila ungeniambia tu kwamba hazitoshi. Ningekuelewa."

Nilitibu. Miaka yote iliyofuata sikuruka siku ya tatu ya ng'ombe hata mmoja, na wale wenzenu niliowafokea hadharani kwa kuacha tyubu kwenye kasha, nadhani leo wameelewa kwa nini mzee mzima alikuwa anatetemeka. Mlidhani ni ukali. Dawa nyingine zimekuja baada ya ile, na nasikia nazo zimeanza kuzoeleka. Msinishangae nikinyamaza mnaponieleza habari hizo.

Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo hakikuniumbua, kilimuumba mwingine kuwa mkosaji badala yangu. Pale mtaani watu walimheshimu Shija kwa mdomo tu. Wakati wa chanjo hawakumwita tena. Akipita na kigae chake mfukoni, watoto waliambiwa na mama zao wasimwache akaribie ng'ombe. Yeye, aliyekuwa akiwaimbia foleni nzima. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Najua, kwa sababu mkewe alinisimanga mimi kwa upole, akasema ningekuwa na msimamo zaidi mbele ya mzee.

Hakuniamuru. Hakunitishia kwamba nisimwite baba. Aliniuliza kama zinatosha, nikasema zinatosha. Andikeni hivyo popote mnapoandika mambo ya idara, na kama mna mtu Bugarama mwambieni aseme hivyo kwenye zile kaya, kwa wajukuu waliobaki.

Shija alikufa miaka minne baadaye, kwa mapafu. Nilifika kabla hajashushwa kaburini. Wanaume tukashika makoleo kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, aliyekuwa karibu nami alikuwa mzee mmoja wa zile kaya tisa, aliyepoteza ng'ombe watatu mwaka ule. Alifuta jasho, akatikisa kichwa, akaniambia kwamba Shija alikuwa mtu mwema sana, ila ile dawa aliyoilazimisha igawiwe ilimuua hata mjukuu wake mwenyewe. Akaniuliza, si kweli, bwana?

Nikasema, "Kweli, mzee." Nikachota udongo, nikaendelea kufukia.